Sahani na Jukwaa: Riziki ya Wanamuziki wa Stax, Memphis, 1957–1975

Katika historia ya muziki wa karne ya 20 liko jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa na waandikao habari za waimbaji mashuhuri, nalo ni kwamba mwimbaji wa zama za santuri alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa studio, ambamo aliimba mbele ya kipaza sauti, wasikilizaji wake wakiwa mbali naye na wasiojulikana. Ya pili ilikuwa jukwaa, ambapo aliwaona watu kwa macho, akawaimbia, nao wakamwitikia. Makusudi ya makala haya ni kuonyesha jinsi nyumba hizo mbili zilivyosaidiana, na jinsi zilivyotofautiana katika kumlipa mwimbaji, kwa kutazama habari za kampuni moja ndogo ya santuri iliyoitwa Stax, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani, baina ya mwaka 1957 na 1975.

Kampuni hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, chini ya dari yake moja muziki wa soul na muziki wa bluzi ulinaswa na wapigaji wale wale, na kutoka humo vijana wa roki wakachota. Pili, habari za mkataba wake zinaonyesha wazi kwamba sifa ya mwanamuziki na mali yake ni mambo mawili mbalimbali, ambayo yaweza kwenda njia moja kwa miaka mingi na kisha yakaachana kwa siku moja.

Yafaa kwanza kueleza majina. Bluzi ni nyimbo za Wamarekani Weusi wa Kusini, zilizokua katika mashamba ya pamba mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kawaida ubeti wake una mishororo mitatu: wa pili hurudia wa kwanza, na wa tatu hutoa jibu. Soul, neno ambalo maana yake ni roho, ni jina lililoenea katika miaka ya 1960 kwa muziki uliochukua namna ya kuimba ya makanisa ya Weusi, yaani mwimbishaji na waitikiaji, vilio na urudiaji wa maneno, na kuitia katika nyimbo za mapenzi ya kidunia. Neno hilo limeachwa hapa katika umbo lake la asili, maana likiandikwa kwa matamshi ya Kiswahili litachanganyika na soli ya kiatu. Ama roki ya bluzi, hiyo ni kazi ya vijana, wengi wao Wazungu wa Uingereza na Marekani, waliojifunza bluzi kutoka katika santuri wakaipiga kwa magitaa ya umeme yenye sauti kubwa.

Jumba la McLemore

Kampuni ilianzishwa mwaka 1957 kwa jina la Satellite na Bwana Jim Stewart, mfanyakazi wa benki ambaye pia alikuwa mpiga fidla wa nyimbo za Wazungu wa mashambani. Dada yake mkubwa, Bibi Estelle Axton, naye mfanyakazi wa benki, aliweka nyumba yake rehani ili zipatikane fedha za kununulia mashine ya kunasia sauti. Mwaka 1960 walihamia katika jumba la sinema lililokuwa limefungwa, liitwalo Capitol, katika barabara ya McLemore, mtaa ambao wakazi wake walikuwa wakizidi kuwa Weusi. Sakafu ya jumba hilo ilikuwa na mteremko, kama ilivyo desturi ya majumba ya sinema, nao haukusawazishwa. Wengi waliofanya kazi humo wamesema kwamba mteremko huo ulichangia kuipa sauti ya Stax uzito wake wa pekee. Mwaka 1961 jina la kampuni likageuzwa kuwa Stax, kwa kuunganisha herufi mbili za mwanzo za majina ya ndugu hao, Stewart na Axton.

Mahali palipokuwa pakiuzwa vitafunio, Bibi Axton alifungua duka la santuri. Duka hilo halikuwa la biashara tu. Vijana wa mtaani walifika kununua, au kusikiliza bila kununua, naye akawauliza ni wimbo gani wameupenda na ni kwa sababu gani. Hivyo kampuni ilipata habari za ladha ya watu mlangoni pake penyewe. Baadhi ya vijana hao, akiwamo Booker T. Jones, waliingia dukani wakiwa wasikilizaji, wakaishia studioni wakiwa wapigaji.

Jones ndiye aliyekuwa mpiga ogani wa kundi la wapigaji wa nyumba hiyo, lililojulikana kama Booker T. & the M.G.'s. Steve Cropper alipiga gitaa, Al Jackson alipiga ngoma, na besi ilipigwa kwanza na Lewie Steinberg, kisha na Donald Dunn. Wimbo wao usio na maneno, “Green Onions”, ulitoka mwaka 1962 ukaenea Marekani yote. Tangu Dunn alipoingia, wawili walikuwa Weusi na wawili Wazungu, jambo lisilokuwa jepesi katika mji uliotenganisha rangi kwa sheria na kwa desturi. Mahali pamojawapo walipoweza kukaa na kula pamoja ni Lorraine, hoteli ya mwenyeji Mweusi. Ni huko ambako Cropper na Eddie Floyd walitunga “Knock on Wood”, uliotoka mwaka 1966.

Namna yao ya kufanya kazi inastahili kuangaliwa na wachunguzi wa fasihi simulizi. Kwa kawaida hapakuwa na nota zilizoandikwa. Wimbo ulitungwa papo hapo, kwa kujaribu na kusahihishana, mpaka kila mmoja amepata mahali pake. Katika santuri nyingi za Stax waitikiaji wa sauti hawakuwapo. Tarumbeta na saksafoni ziliwekwa mahali pa kiitikio, zikimjibu mwimbishaji kama waumini wamjibuvyo mhubiri. Mashine ilikuwa mpya, lakini utunzi ulikuwa ule ule wa mdomo na sikio.

Otis Redding: dereva aliyepewa nafasi

Otis Redding alizaliwa mwaka 1941 huko Dawson, jimbo la Georgia, akakulia katika mji wa Macon. Kabla ya kujulikana alishindana katika mashindano ya waimbaji chipukizi na kufuatana na bendi ya mpiga gitaa Johnny Jenkins. Mwaka 1962 alifika Stax akiwa amemwendesha Jenkins kwa gari. Kazi ya Jenkins siku hiyo haikufanikiwa sana, na muda ukabaki. Dereva akaomba aimbe. Wimbo wake “These Arms of Mine” ukanaswa, ukatolewa mwaka huo huo kwa jina la Volt, ambalo lilikuwa jina la pili la kampuni, na mwaka 1963 ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizopendwa.

Tangu hapo maisha yake yalikuwa ya safari. Santuri ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande, ilipopigwa redioni ilimfungulia milango ya kumbi za Weusi kutoka mji hadi mji, mpaka Apollo huko Harlem, New York, ambako aliimba mwaka 1963. Ukumbi nao uliwafanya waliomsikia waende dukani kununua sahani. Studioni Redding hakuwaandikia wapigaji wa tarumbeta nota. Aliwaimbia kila mmoja sehemu yake kwa mdomo, nao wakaishika.

Mfano bora wa kukutana kwa sahani na jukwaa ni kunaswa kwa santuri yake kubwa iitwayo “Otis Blue”, Julai 1965. Karibu yote ilitiwa katika mikanda kwa muda upatao siku moja na saa chache, lakini muda huo haukuwa wa mfululizo. Usiku ulipoingia kazi ilisimamishwa, kwa kuwa wapigaji wa Stax walikuwa na kazi zao katika vilabu vya mjini. Wakaenda wakapiga, wakarudi usiku wa manane, wakaendelea hata mchana wa siku ya pili. Basi santuri ambayo wengi huihesabu kuwa mojawapo ya zilizo bora za muziki wa soul ilifanywa na watu ambao jukwaa liliwadai usiku ule ule. Mshahara wa studio peke yake haukuwatosha.

Katika santuri hiyo Redding aliimba “Satisfaction”, wimbo wa Rolling Stones wa Uingereza uliokuwa umetoka punde tu mwaka huo. Mzunguko huo unastahili kuangaliwa. Vijana wa London walikuwa wamejifunza kwa santuri za Weusi wa Marekani, hata jina la kundi lao walilitoa katika wimbo wa Muddy Waters wa mwaka 1950. Sasa mwimbaji Mweusi wa Georgia aliuchukua wimbo wao na kuurudisha kanisani.

Machi na Aprili 1967 waimbaji na wapigaji wa Stax walizuru Ulaya. Walipiga London, Paris na kwingineko, na maonyesho yakanaswa yakawa santuri. Wapigaji wa studio, ambao kazi yao iliwafungia Memphis, waligundua kwamba wasikilizaji wa ng'ambo waliwajua kwa majina. Mwaka huo huo wasomaji wa gazeti la Kiingereza Melody Maker walimchagua Redding kuwa mwimbaji mwanamume wa kwanza, mahali palipokuwa pa Elvis Presley kwa miaka mingi. Tarehe 17 Juni 1967 aliimba katika tamasha la Monterey, California, mbele ya umati ambao wengi wao walikuwa vijana Wazungu wapenda roki, akawashika kwa muda mfupi aliopewa.

Muda uliobaki ulikuwa mfupi kuliko yeyote alivyodhani. Akiwa California kwa maonyesho alikaa katika nyumba ya mashua huko Sausalito, akaanza kutunga “(Sittin' On) The Dock of the Bay”. Wimbo huo ulinaswa Memphis, Novemba na Desemba 1967. Ni wa upole kuliko nyimbo zake zilizotangulia, na mwishoni hapana maneno, pana mluzi. Tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake, aliyoinunua kwa ajili ya safari za maonyesho, ilianguka katika ziwa Monona karibu na Madison, Wisconsin. Redding alikufa akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na vijana wanne wa bendi ya Bar-Kays waliokuwa wakimpigia. Katika wote waliokuwamo ndegeni aliokoka Ben Cauley peke yake, mpiga tarumbeta. Cropper aliukamilisha wimbo kwa kuutia milio ya mawimbi na ndege wa pwani, nao ukatolewa Januari 1968. Machi mwaka huo ukawa wa kwanza katika orodha ya Marekani, cheo ambacho mwenyewe hakukipata katika uhai wake.

Albert King: bluzi yapata vijana

Albert King hakuwa kijana alipofika Stax mwaka 1966. Alikuwa mtu wa miraba minne, aliyekuwa amewahi kuendesha tingatinga, na alikuwa ametoa santuri tangu mwaka 1953 bila kupata jina kubwa. Gitaa la mkono wa kulia alilishika kwa mkono wa kushoto, kichwa chini miguu juu, bila kugeuza nyuzi. Kwa hiyo nyuzi nyembamba zilikuwa upande wa juu, naye akazivuta kuelekea chini kwa nguvu mpaka zikalia kama mtu. Booker T. & the M.G.'s walimpigia, nyimbo zake za 1966 na 1967 zikakusanywa katika santuri kubwa iitwayo “Born Under a Bad Sign”, iliyotolewa mwaka 1967.

Hapa sahani ilifanya kazi yake ya mjumbe. Waliokuwa ng'ambo walijifunza kwa sikio tu, kwa kuwa sahani haionyeshi mikono. Eric Clapton na wenziwe wa kundi la Cream waliufuata mtindo wa King, na mwaka 1968 wakaurudia wimbo wenyewe uliobeba jina la santuri. Mwaka huo huo King alialikwa katika kumbi za Fillmore, alikokusanyika umma wa vijana wa roki: aliimba San Francisco, na Machi alikuwa miongoni mwa waliofungua ukumbi wa New York. Maonyesho yake ya San Francisco ya Juni 1968 yakanaswa yakawa santuri, “Live Wire/Blues Power”. Mtu aliyekuwa amezoea vilabu vidogo vya Weusi akapata, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, hadhira mpya iliyompa kazi mpaka alipofariki mwaka 1992.

Sahani ilifika hata mahali ambapo wenyewe hawakufika. Katika Dar es Salaam ya miaka ya 1960 vijana walicheza soul kwa santuri na bendi za mjini, wakaiga na mavazi yake, hata Novemba 1969 wakuu wa mkoa wakaupiga marufuku muziki huo kuwa ni wa kigeni usiofaa maadili ya taifa. Otis Redding hakupata kukanyaga pwani hiyo. Lakini muziki wa namna yake ulikwisha kuwa jambo la kujadiliwa na serikali.

Milango mitatu ya riziki

Ili kuelewa yaliyofuata, hapana budi kutenganisha milango mitatu ambayo fedha ziliingilia. Wa kwanza ni jukwaa: mwimbaji alilipwa ada usiku ule ule, na malipo yakaisha na usiku. Wa pili ni utunzi: sheria ilimpa mtunzi fungu kila wimbo wake ulipouzwa au kupigwa redioni, awe ameuimba nani. Redding alikuwa mtunzi wa “Respect”, uliotoka mwaka 1965. Basi Aretha Franklin alipouimba na kuutia umaarufu mkubwa mwaka 1967, mtunzi alikuwa na fungu lake. Albert King, kinyume chake, hakuwa mtunzi wa “Born Under a Bad Sign”. Uliotungwa na William Bell na Booker T. Jones, na Cream walipouimba, haki ilikuwa ya hao wawili. Wa tatu ni mkanda wa asili, yaani ule wa kwanza ambamo sauti yenyewe ilinaswa na ambao nakala zote hutokana nao. Mwenye mkanda huo ndiye awezaye kuzitoa upya santuri miaka 10 au 50 baadaye. Mlango huu ulikuwa wa kampuni, si wa mwimbaji. Na katika Stax ilibainika kwamba haukuwa hata wa kampuni.

Tangu mwaka 1960 kampuni kubwa ya Atlantic, ya New York, ilikuwa ikizisambaza santuri za Memphis kwa mapatano ya kupeana mkono. Jerry Wexler wa Atlantic alizipenda nyimbo hizo, na ndugu wa Memphis walimwamini. Mwaka 1965 mapatano yaliandikwa, na Stewart akatia sahihi mkataba ambao masharti yake yote hakuyasoma kwa makini. Kati ya masharti hayo lilikuwamo moja lililoipa Atlantic milki ya mikanda yote iliyosambazwa nayo.

Sharti hilo lililala kwa muda wa miaka miwili. Mwaka 1967 Atlantic iliuzwa kwa kampuni ya Warner Bros.–Seven Arts, na Stewart alipotaka kuachana nao mwaka 1968 ndipo maana yake ilipofunuliwa. Nyimbo zote za Redding, “Green Onions”, “Knock on Wood”, na kazi yote ya miaka minane ya jumba la McLemore zilikuwa mali ya wengine. Waimbaji Sam na Dave, waliokuwa wakiipatia Stax fedha nyingi, walikuwa wameazimwa tu kutoka Atlantic, wakarudishwa huko. Katika muda wa miezi sita kampuni ilikuwa imempoteza mwimbaji wake mkuu kwa mauti na urithi wake kwa karatasi. Katikati ya hayo, tarehe 4 Aprili 1968, Dk. Martin Luther King aliuawa katika hoteli ile ile ya Lorraine.

Baada ya 1968

Wengi wangalifunga mlango. Stax haikufunga. Al Bell, mtangazaji wa zamani wa redio aliyejiunga nayo mwaka 1965, alishika usukani, na mwaka 1969 kampuni ikatoa santuri kubwa 27 kwa pamoja ili ijijengee hazina mpya ya nyimbo mahali pa ile iliyopotea. Katika hizo ilikuwamo “Hot Buttered Soul” ya Isaac Hayes, yenye nyimbo nne tu ndefu, ambayo iliwaonyesha wafanya biashara kwamba wanunuzi Weusi walikuwa tayari kwa santuri kubwa na si kwa zile ndogo peke yake. Tarehe 20 Agosti 1972 kampuni iliandaa tamasha la Wattstax katika uwanja wa Los Angeles, kwa kuadhimisha miaka saba tangu ghasia za mtaa wa Watts. Kiingilio kilikuwa dola moja, na watu zaidi ya 100,000 wakahudhuria. Tamasha likanaswa, likawa santuri na filamu.

Lakini usambazaji ulikuwa mikononi mwa wengine tena. Mwaka 1972 Stax ilifunga mkataba na CBS. Mwaka uliofuata aliyeufunga kwa upande wa CBS aliondolewa kazini, na santuri zikapungua madukani. Madeni ya benki yakazidi, na Desemba 1975 kampuni ikatangazwa kuwa imefilisika. Isaac Hayes naye alifilisika mwaka 1976. Mikanda iliyotengenezwa baada ya 1968 ilinunuliwa na kampuni ya Fantasy mwaka 1977. Jumba la McLemore lilibomolewa mwaka 1989.

Kwa muhtasari, historia hii yatoa mambo mawili. La kwanza ni kwamba haifai kuuliza ni kipi kilichomjenga mwanamuziki, sahani au jukwaa, kwa kuwa kila kimoja kilimbeba mwenzake: bila sahani Albert King asingalialikwa Fillmore, na bila vilabu vya usiku wapigaji wa “Otis Blue” wasingalikuwa na mikono iliyozoeana kiasi kile. La pili ni kwamba vitu hivyo viwili havikulipa sawasawa. Jukwaa lilimlipa mwimbaji kidogo na papo hapo. Sahani ililipa muda mrefu, lakini ilimlipa mwenye karatasi. Hata maonyesho ya jukwaani, ya Paris, Monterey na San Francisco, yanayosikika leo kana kwamba ni ya jana, yanasikika kwa sababu yalitiwa katika mikanda, na mikanda ina wenyewe. Kwa hiyo mchunguzi wa historia ya waimbaji wa mahali popote, ikiwamo Afrika ya Mashariki, akisha kukusanya majina ya nyimbo na tarehe za maonyesho, hana budi kuuliza pia mikanda ilibaki kwa nani.

Mwaka 2003 palifunguliwa makumbusho ya Stax pale pale palipokuwa na jumba la McLemore, katika jengo lililofanywa lifanane na lile la zamani. Karibu nayo kuna shule ya muziki ambamo vijana wa mtaa ule hufundishwa kuimba na kupiga ala.